Taa ya Njano Wasiyotaka Wageni Waione

Saa mbili asubuhi, Emiliana Alute anapiga magoti mbele ya kabati la chuma, nyuma ya dirisha la kadi. Anavuta kifuniko cha mbele cha seva, anakilaza sakafuni. Taa mbili ndogo zinajitokeza. Moja ya kijani. Nyingine ya njano.

"Bado," anasema, kama aliyetoka kumpima mgonjwa homa.

Emiliana ni fundi kompyuta wa mkataba katika kituo kimoja cha afya wilayani Manyoni. Seva hiyo inahifadhi kumbukumbu za wagonjwa wote. Ina diski mbili zinazoandika kitu kilekile, ili moja ikifa nyingine ibebe mzigo. Moja, ile yenye taa ya njano, imekufa tangu kiangazi.

"Hii iliyobaki ikizima, kila mgonjwa atakuwa mgeni hapa," anasema. "Nakala nyingine hatuna. Nikiomba diski naambiwa bajeti hakuna. Mapazia yametoka bajeti gani?"

Wageni kutoka mkoani wanafika kesho. Kituo kizima kinanuka rangi mbichi. Hata stoo imewekwa pazia jipya.

Msimamizi wa kituo anapita, anasimama. "Emi, funika hicho kitu. Wageni wataona nini?"

"Wataona ukweli, bosi."

"Ukweli wako utakukosesha mkataba."

Kwenye benchi, Bibi Dorika, mkulima wa Issuna anayetibiwa shinikizo la damu, amesikia yote.

"Shikamoo bibi," Emiliana anamwamkia.

"Marahaba. Kadi yangu ya zamani ililiwa na mchwa, mkaniambia mashine hailiwi. Kumbe nayo inaliwa?"

"Inaliwa, bibi. Ila mchwa wa humu anawasha taa kwanza."

Bibi anacheka, kisha anaitazama seva. Jina la dawa iliyowahi kumvimbisha uso hadi akashindwa kupumua limo humo ndani. Yeye halikumbuki. Na mtu anayelipwa ili amlinde anataka taa ya hatari ifunikwe, picha za wageni zitoke vizuri!

"Natamani nifungue nikute kijani mbili," anasema Emiliana. "Siku hiyo nitafunika mwenyewe, bila kuambiwa."

Jioni anatoka kazini na kikapu chake. Chini ya fungu la mlenda, kona ya kifuniko cha seva inachungulia. Kitakaa kwake mpaka diski ifike. Kesho, wageni watapokewa na taa ya njano.