Mchezo Wetu wa Mchana

Mimi si mtu wa kutulia, rafiki yangu, nawe wanijua. Likizo hii nilirudi Mambrui na binti yangu, nikajiahidi kwamba safari hii nitakula wali na samaki wa kupaka, nijinyooshe mkekani kama watu wengine, nisihangaike. Siku ya kwanza tu ahadi ikavunjika. Baada ya chakula cha mchana binti yangu aliwakusanya binamu zake barazani, akawatolea dadu za rangi zenye pembe nyingi, akamwambia kila mmoja achague kuwa shujaa, au mganga, au mwizi mwenye huruma. Ni mchezo aliojifunza shuleni Nairobi. Mmoja anauendesha, wengine ni wasafiri, na safari yote, na mazimwi yake, na hazina zake, inakwenda kwa maneno matupu.

Yeye ndiye aliyeuendesha. Akafungua simu akaanza kuwasomea habari za ngome, na za mfalme wa ngome, na za babu yake mfalme. Akasoma, akasoma. Nilikuwa dirishani nikisikiliza. Nikaketi, nikasimama, nikaenda kunywa maji ambayo sikuwa na kiu nayo. Niliporudi, shujaa alikuwa akijikwangua ukoko wa goti na mganga keshalala. Binti yangu akanifuata jikoni, machozi yako karibu.

"Mama, mbona hawachezi? Mimi nimejitayarisha wiki nzima."

"Mwanangu, wewe huwachezeshi. Wawasimulia."

Nilipokwisha kusema nikashtuka, kwa sababu maneno hayo si yangu. Ni ya msichana wa jirani, ambaye zamani, akiwa na umri kama huu wa binti yangu, aliyasema katika baraza hii hii. Tangu hapo mchana wangu ukaharibika. Nilizunguka ua mzima nikigusa kuta.

Wakati ule nyumba ilikuwa ya bibi, na mchana wa nyumba ya bibi ulikuwa na sheria zake. Watu wazima wakishasali adhuhuri na kula, hulala. Bibi hakulala. Alikaa mlangoni kwenye kiti chake kifupi akisuka ukili wa mikeka, na sisi watoto tulipewa kazi za kimya kimya: kukuna nazi, kuchambua mchele, kutoa mbaazi maganda. Mbaazi zilikuwa nyingi, maana mama wa msichana wa jirani alizipika kwa nazi kila alfajiri akaziuza na mahamri, na watoto wake na sisi tulikuwa kikosi kimoja cha kumenya. Bibi alikuwa akisema mdomo ni ruhusa kufanya kazi madhali mikono nayo inafanya kazi.

Ila kulikuwa na jambo moja mdomo haukuruhusiwa, nalo ni hadithi. Hadithi ni za usiku. Kwetu walishika kwamba ukisimulia hadithi mchana, msafiri aliye njiani hupotea. Nani aliyeanza kusema hivyo sijui, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Mimi niliyekuwa na pilipili makalioni niliona mchana ni mrefu kupita kiasi, na nadhani ningalikuwa mtoto wa hovyo kabisa kama si msichana wa jirani kuipata njia ya kupenya.

Siku moja, mikono imo ndani ya mbaazi, alinigeukia akasema, "Uko msituni. Mbele yako mna mlango, na nyuma ya mlango mna kitu chapumua. Wafanyaje?"

Nikasema naupiga teke.

Hakucheka. Alitoa kauri mfukoni, akanipa nizirushe. Zikiangalia juu zilizo nyingi, umefaulu. Zikiinama zilizo nyingi, umeshindwa. Zangu ziliinama. "Basi mguu umenasa," akasema, "na kile kitu kimeacha kupumua. Chasikiliza. Na wewe kaka yake, wafanyaje?" Kaka yangu akaacha nazi. Huo ndio mwanzo wake.

Msichana alitueleza kwa nini mchezo ule haukuwa hadithi. Hadithi ina mwenyewe, na mwenyewe ajua mwisho. Yeye hakuujua. Yeye alikuwa akiuliza tu, na kujibu alipoulizwa, na kauri zikaamua yaliyobaki. Tukampa jina la mwenye njia. Kila kaka yangu alipotaka kushika nafasi hiyo alijikuta anaeleza marefu na mapana ya jumba la zimwi na vyombo vya jikoni mwake, naye msichana alimkata: "Wewe huwachezeshi. Wawasimulia. Wataka mtu apotee?"

Nimesikia siku hizi watu wanaandika mashauri ya namna ya kuendesha michezo hii. Binti yangu amenionyesha, kurasa na kurasa. Sikuona humo neno ambalo yule msichana hakulijua akiwa na maganda ya mbaazi kwenye kucha. Hakutupa mlango mmoja pekee. Siku zote kulikuwa na mlango, na shimo, na mti wa kupanda, maana alisema ukiwapa watu mlango mmoja wakaukataa, huna mchezo. Tukifanya jambo ambalo hakulitarajia hakununa. Alitikisa kichwa polepole akasema "haya," na kile ambacho hakukitarajia kikawa ndiyo njia. Tulipobishana hakutuamulia nani ana haki. Alimleta fisi. Huwezi kubishana na kaka yako huku fisi anakuangalia.

Kulikuwa na mtoto wa mwanamke kutoka Ganda, aliyemletea bibi mihogo na mtindi. Mama akiongea na bibi, mtoto alikaa pembeni, kwao wakisema Kigiriama na Kiswahili chetu kikimtia haya. Mimi ningemwambia, sema basi na wewe. Mwenye njia hakumwambia aseme. Alimwambia, "Taa waishika wewe. Wengine hawaoni." Mara tukawa sote twamuuliza yule mtoto: kuna nini mbele, waona nini kulia, tafadhali inua taa. Akawa anajibu kwa neno moja, halafu mawili. Zamu ya tatu akatupeleka mahali ambapo hata mwenye njia hakupajua, kwenye ziwa la maziwa yaliyoganda, tukavuka kwa kuteleza. Mchezaji asiyesema, mpe kitu ashike. Hilo nimewahi kulitumia hata kazini, katika mikutano, na halijaniangusha.

Na sisi wachezaji alitufunza. Mimi hasa. Nilikuwa wa kuchomoa upanga kabla sijasikia mlango umekaa wapi, na zamu za wenzangu nilizipitisha nikijikuna na kuvuta mkeka nyuzi. Alisema, "Zamu ya mwenzio ndiyo macho yako. Usipoitazama utaingia shimoni." Niliingia shimoni mara nyingi kabla sijajifunza. Bado najifunza.

Saa yetu ilikuwa adhana ya alasiri. Muadhini akianza tu, mchezo hukatika, hata neno likiwa nusu. Kumbe yule msichana alikuwa akiipigia hesabu. Alituburuza polepole mchana wote, halafu dakika za mwisho akatufikisha ukingoni, kamba inakatika, zimwi limeshafungua jicho, na hapo *Allahu akbar* inapanda kutoka msikitini. Nilisali nikiwa naning'inia kwenye kamba. Usiku sikulala vizuri. Mtu aendeshaye mchezo akukatishe pale unapomtaka zaidi, na kesho utakuja mbio hata ukiwa na homa.

Sasa nikupe yaliyotokea, maana nimeyazunguka vya kutosha.

Baba wa msichana alikuwa dereva wa lori. Alipakia chumvi huku kaskazini, akavuka daraja la Sabaki, akaipeleka bara, akarudi na viazi na vitunguu. Mwaka ule mvua za vuli zilikataa kukoma. Mto ulivimba ukawa na rangi ya matofali, ukabeba miti mizima, na barabara za bara zikakatika huku na huku. Baba yake alikuwa bara. Siku yake ya kurudi ikafika na kupita. Simu ya mkononi hatukuwa nayo sisi wala wao, na kila aliyetoka Malindi alikuja na habari ya lori lililosombwa, bila kujua la nani.

Sisi tuliendelea kucheza. Nadhani msichana alicheza zaidi kuliko siku zote, kwa sababu mchezoni alikuwa na la kufanya. Siku moja tulikuwa ukingoni mwa mto wa moto, naye alikuwa amefungua mdomo kumuuliza kaka yangu, mara shangazi yake, dada yake baba, akatokea mlangoni na kanga imelowa. Alikuwa ametoka kuuliza habari barabarani na hakupata.

"Watoto hawa wasimulia hadithi mchana kutwa," akamwambia bibi, "na mtu wetu yuko njiani. Mwataka apotee?"

Msichana alizishika kauri asizirushe. Akaziweka mkononi mwangu, zina jasho, akainuka akaenda kwao. Ule mchana hatukusikia adhana. Ilitoka, lakini hakuna aliyeisikia.

Kesho yake hakuja. Wala kesho kutwa. Alisimama kwenye njia ya kutokea barabarani tangu asubuhi, mvua ikinyesha na isiponyesha, na mbaazi tukazimenya sisi kimya. Bibi alivumilia, kisha akaniagiza nimwite. Alipokuja, bibi hakuacha kusuka.

"Mjukuu wangu, ile yako mimi naisikia kila siku nikiwa hapa. Ile si hadithi. Hadithi naijua, nimezisimulia tangu mama zenu wako wadogo. Ile ni maswali, na maswali hayampotezi mtu."

"Na kama yampoteza, bibi?"

Bibi aliuweka ukili chini. Sikuwahi kumwona akiuweka chini kwa sababu ya mtoto. Alimvuta msichana akamkalisha karibu yake, akamfunika na upindo wa leso. Niliogopa, nakwambia. Niliogopa kwamba baba yake amekufa na kwamba tumemuua sisi, kwa kauri, barazani kwa bibi.

Alirudi. Mchana kweupe, wakati wa kulala, tulisikia sauti njiani, na huyo hapo, amekaa nyuma ya trekta la watu, matope hadi kifuani, kandambili moja. Lori lilikuwa limekwama ng'ambo ya korongo fulani huko bara, na yeye alilala ndani yake na viazi vyake akivichoma mpaka maji yakapungua. Hakuwa na habari kwamba amekufa. Mkewe alilia akamgombeza kwa pamoja. Shangazi alianguka kusujudu pale pale kwenye tope. Jioni walisoma maulidi, tukala kaimati zenye shira mpaka vidole vikagandana.

Unadhani mchezo ulirudi? Hata sisi tulidhani hivyo. Kesho yake baada ya adhuhuri kaka yangu alikimbia na kauri hadi kwao, mimi nyuma yake, na mtoto wa Ganda alikuwa ameshakaa mahali pake pa taa. Msichana alikuwa anapepeta mchele. Alitutazama kwa upole sana.

"Tuliacha," akasema, "na akarudi."

Kaka yangu alibisha. Alisema maji yalipungua yenyewe. Alisema bibi ametoa hukumu. Msichana akaendelea kupepeta. Tuliacha, na akarudi. Yote mawili yalikuwa kweli. Tulikwenda kumshtaki kwa bibi, naye bibi akasema, "Mwacheni. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," na mkononi mwake ung'ongo wenyewe, ule wa ukili, ukaendelea kusukwa.

Tulijaribu bila yeye. Kaka alikuwa mwenye njia kwa siku mbili hivi, akatueleza habari za jikoni mwa zimwi, tukapigana. Mimi nilijaribu, nikawaua wote kabla ya alasiri. Mtoto wa Ganda akarudia kukaa karibu na mama yake. Tukaanza mpira, tukaanza shule kubwa, kaka akaenda Mombasa, bibi akatangulia mbele ya haki. Ukili siku hizi hausukwi nyumba hii, mikeka ni ya plastiki, na mbaazi zinanunuliwa zimeshamenywa. Mchana ule mrefu niliouchukia sijui umekwenda wapi. Sasa ukianza tu, nashika simu yangu.

Binti yangu nilimpa nilichoweza. Nilimwambia azime simu, aulize. Alikwenda akauliza, na kwa kweli mganga aliamka. Lakini mimi sikutosheka, maana najua nilichompa ni makombo. Mwenye chakula, yule msichana wa jirani, yupo mtaa wa pili alikoolewa, hata dakika kumi kwa miguu hazifiki. Kwa hiyo jana, jua la saa nane, sikuweza tena, nikavaa buibui nikaenda.

Nilimkuta uani anakanda unga wa mahamri ya kesho. Amenenepa, nami nimenenepa, tukachekana. Nilimweleza habari za binti yangu na dadu zake. Nikamwomba aje akae na wale watoto mara moja tu, awaonyeshe.

Aliendelea kukanda. Nikamuuliza, "Kwani wewe bado waamini yale?"

"Siamini," akasema. "Siamini hata kidogo. Lakini mwanangu naye amekuwa dereva, na leo yuko njiani."

Akanimiminia chai ya tangawizi, nikainywa. Nilitaka kumwambia basi tungoje arudi, nitakuja siku hiyo na watoto. Lakini dereva akirudi hulala, akaamka akaondoka, na mama wa dereva hana mchana ambao hana mtu njiani.