Shafti Iliyochomelewa

Verlin Haugen ana mkono mzito na mdomo wa matusi, na kwa shafti ya usukani hana mzaha hata chembe. Hapa kwetu Iowa, kila Julai kwenye maonyesho ya kilimo ya kaunti, watu hugonganisha pikapu makusudi hadi ibaki moja inayotembea. Nusu ya pikapu hizo Verlin ndiye huzifungia shafti mpya ya dukani, ya vipande viwili, kimoja kinateleza ndani ya kingine. Ukigongwa uso kwa uso, inajifupisha badala ya kukujia kifuani. Kabla hajagusa boliti anafunga usukani kwa mkanda wa kiti, usizunguke. Mletee gari usukani haujafungwa, utatukanwa wewe na ukoo wako mzima.

Mwaka juzi, asubuhi ya mashindano, gerejini kwake, alifungua boneti ya pikapu ya mdogo wake, Rodney. Mimi nilikuwa nimekalia ndoo, nakunywa kahawa yangu. Rodney alikuwa amevichomelea vile vipande viwili vikawa chuma kimoja.

"Nani kafanya upumbavu huu?"

"Mimi. Ilikuwa inacheza, kaka. Mwaka jana ndiyo iliyoniangusha."

"Ing'oe."

"Siing'oi ng'o! Kama unaogopa, nenda kakae na kina mama wanaouza pai."

Lo! Verlin alimtandika ngumi ya pua. Rodney naye si wa kupigwa akashukuru: alimkaba kaka yake, akambamiza kichwa kwenye bampa mara mbili, jino likaruka likadondoka karibu na kikombe changu. Niliingilia, nikala kiwiko cha mbavu. Basi nikawaacha wauane, mijitu mizima hovyo! Verlin, damu inamchuruzika, akachomoka, akawasha grenda ya kukatia chuma na kumwelekezea mdogo wake usoni.

"Sogea! Chuma kama hiki nilimchomelea baba! Mimi, nina miaka kumi na tisa! Kilimtoboa kifua kikatokea mgongoni, mkaambiwa ajali. Ajali gani? Ni mimi nilimuua!"

Baba yao alipokufa Rodney alikuwa na miaka minne. Rodney alitema damu, akatoka nje. Verlin aliikata ile shafti, akafunga mpya, na kila boliti aliyoikaza alikuwa analia, kamasi na damu pamoja, wala hakujificha.

Alasiri, pikapu mbili zilimbana Rodney, ya tatu ikamvaa uso kwa uso. Boneti ilikunjika, injini ikarudi nyuma. Shafti ilijifupisha kiganja kizima. Rodney akatoka dirishani, mfupa wa bega umevunjika, yu hai. Alikatiza matope moja kwa moja hadi kwa kaka yake. Nikadhani anakwenda kumkumbatia. Alimpiga ngumi moja ya taya kwa mkono mzima, Verlin akalala chali.

"Hiyo ya baba," akasema, akaondoka zake.

Tangu siku hiyo hawajasemezana, hata kanisani wanakaa mbalimbali. Julai hii nilipita kwa Verlin asubuhi. Pikapu ya Rodney ilikuwa imeachwa mlangoni, mwenyewe hayupo, usukani umefungwa kwa mkanda wa kiti. Verlin alikuwa ameushika ule mkanda. Nilimsalimia mara tatu, hata kunitukana alishindwa.