Siku Nilipomuua Opio Redioni

Nimetangaza mpira Kampala tangu enzi za redio za betri hadi televisheni, na nasema bila kificho kwamba ni wachache wanaonifikia kwa mdomo, lakini jamani, mpaka leo nikipita kambi ile ya polisi nainamisha kichwa.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita, watu wana njaa ya mpira. Opio, mshambuliaji wa timu ya polisi, mtoto wa sajini mmoja kutoka kaskazini, akaumia kifundo cha mguu, akabebwa kwa machela. Mtu mwenye akili angesema tu, "Opio ametoka." Mimi (nilijisikia sana, Kiswahili changu nilikipata Mombasa) nikaona hilo jepesi mno, nikashusha sauti: "Ndugu wasikilizaji, Opio ametutoka. Tulimpenda." Papo hapo laini ya kwenda studio ikakatika, na fundi wa kule, kwa huzuni ya hayo aliyoyasikia, akaweka nyimbo za kwaya, zile za polepole, mfululizo.

Mimi sina habari. Mechi ilipoisha nikapitia hospitali ya Mulago, nikamkuta Opio amefungwa plasta anakula ndizi, nikakodi gari nimpeleke kwao, kwenye kambi ya polisi, najiona muungwana kwelikweli. Kambini tukakuta turubai limefungwa, moto unawaka, wanawake wanalia.

"Afande, nani amekufa?" nikamuuliza baba yake.

"Si ni wewe ulisema?"

Opio akateremka na magongo yake. Watu wakatawanyika, mwingine akaruka sufuria ya posho, ugali wa kwetu (wa kwanza kukimbia alikuwa mchungaji, msimwambie). Mama yake tu ndiye hakukimbia. Alimshika mashavu, akamshika masikio, halafu akanigeukia na mwiko.

"Wewe! Mtoto yangu ulimuua kwa nini?"

"Mama, hicho ni Kiswahili sanifu..."

Nilipigwa mbele ya kambi nzima, nikatoka mbio na kiatu kimoja.

Kesho yake nikarudi kumpigia magoti mama yake Opio. Akasogeza sahani. "Kaa, kula. Chakula ya matanga ya Opio ilibaki mingi." Nikala.

Tangu siku hiyo mchezaji akitolewa uwanjani nasema kwanza kwamba anapumua, ndipo namtaja jina, tena taratibu, maana sijui mama yake yuko wapi anasikiliza.