Mlango wa Upande wa Pili wa Miwa

Pascalia Navalayo aliingia kazi ya ujenzi akiwa mbeba maji. Mume wake alikuwa amefariki na kumwachia watoto watatu na nyumba ya udongo kule Shirere, na kazi iliyokuwa karibu ilikuwa kuwachotea mafundi maji ya kukorogea simiti. Miaka minne alibeba maji na kokoto, huku akiangalia mikono ya mafundi. Siku moja fundi mmoja hakufika, naye akauchukua mwiko uliolala kando, akapiga plasta ukuta mzima kabla ya saa sita. Msimamizi alishusha timazi kwenye kila kona. Kesho yake hakumpa ndoo tena.

Kufikia mwaka wa 1994, Pascalia alikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa, na alikuwa amejenga nyumba kutoka Kakamega mjini hadi Musanda. Watu walimwita Mama Protus, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alijua kupata pembe mraba kwa uzi wenye mafundo: tatu upande huu, nne upande ule, tano kukatiza. Hakujua kwa nini ilifanya kazi. Aliyemfundisha hakujua pia.

Shule aliiacha darasa la nne. Ndiyo maana, kila Jumamosi alasiri, alivua viatu vyake vya simiti na kwenda kwenye darasa la ngumbaru katika kanisa la Shirere. Aliyewafundisha watu wazima pale alikuwa Mwalimu Kibiwott, mzee mrefu kutoka Lugari aliyekuwa amesomesha hesabu katika shule za sekondari kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu. Wengine walikuja kujifunza kusoma barua. Pascalia alikujia hesabu.

Mwezi wa pili mwaka huo, kanisa moja la Musanda lilimwita. Walikuwa na zahanati ndogo ya zamani, na sasa walitaka kujenga wodi ya kina mama. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Andati, alimwonyesha kiwanja.

"Wodi itakaa kule juu," alisema. "Iangalie zahanati sawasawa, ukuta kwa ukuta. Halafu mlango utazame mlango. Baadaye tutaweka njia ya simiti katikati, iende moja kwa moja, mama asukumwe kwa kitanda cha magurudumu bila kukata kona."

Pascalia aliangalia juu, lakini hakuona kiwanja chochote. Kati ya zahanati na mahali pa wodi kulikuwa na shamba la miwa ya kanisa, imekomaa, ndefu kuliko mtu aliyesimama juu ya mabega ya mwenzake.

"Na hii, Mzee?"

"Hii tumeshaiuzia kiwanda cha sukari. Hatugusi hata muwa mmoja mpaka zamu yetu ya kukatiwa ifike. Pengine mwezi wa nane."

"Na simiti?"

Mzee Andati alikuna kidevu. Simiti ilikuwa imeletwa na wafadhili kabla ya Krismasi, ikalala katika stoo iliyovuja. Mvua za masika zikianza, ingegeuka mawe ndani ya mifuko.

Fundi mwenzake Pascalia, Oduor, alitaka kujaribu. Alishika ncha ya uzi mlangoni mwa zahanati, akaingia nao kwenye miwa akipasua njia kwa mabega. Alitokea upande wa pili akiwa amekwaruzwa uso, na uzi wake ulikuwa umepinda kila ulipogusa shina. Alirudia mara ya pili, akatokea hatua nane kutoka pale alipotokea mwanzo.

"Tungoje tu," alisema akijifuta damu. "Hakuna mtu anaonanga kitu kupitia miwa."

Jumamosi iliyofuata, Pascalia hakungoja somo lianze. Alimweleza Mwalimu Kibiwott kila kitu akiwa bado amesimama.

"Kuna kitu unachoweza kukifikia kutoka pande zote mbili?" Mwalimu aliuliza.

"Kuna barabara mbele. Na kuna njia ya miguu pembeni, inapanda kutoka barabarani mpaka kiwanja cha juu. Zinakutana kwenye jiwe la mpaka."

Macho ya mzee yaliwaka. "Basi hilo jiwe ni sifuri. Vuta uzi kando ya barabara, vuta mwingine kando ya njia, zikutane kwenye jiwe kwa pembe mraba. Kila kona ya ukuta wa zahanati nipe namba mbili: umetembea mita ngapi kufuata barabara, na umeingia ndani mita ngapi. Usiikadirie. Ipime."

Jumatatu alipima, akarudia Jumanne ili awe na hakika. Kona ya kwanza: thelathini kufuata barabara, kumi na nne kuingia ndani. Kona ya pili: arobaini na mbili, na ishirini. Aliziandika kwenye kipande cha mfuko wa simiti, akazipeleka Shirere.

Mwalimu alifungua daftari la miraba. "Kutoka kona hii hadi ile, umesonga ngapi kando?"

"Kumi na mbili."

"Na umeingia ndani zaidi kwa ngapi?"

"Sita."

"Sita kwa kumi na mbili ni nusu. Huo ndio mteremko wa ukuta wako. Kila ukisonga mita mbili kando, ukuta unaingia ndani mita moja. Ukuta wowote utakaokwenda sambamba na huu, hata ukiujenga Mumias, utakuwa na nusu hiyo hiyo. Ukibadilika kidogo tu, siku moja zitagongana."

"Na zikibaki nusu kwa nusu?"

"Hazitakutana, Mama Protus. Uzirefushe uwezavyo."

Pascalia alikuwa amejenga kuta nyingi zilizokwenda pamoja, na hakuwahi kufikiri kwamba zilikuwa na safari mbele yao, kupita mahali matofali yalipoishia.

"Sasa njia ya katikati," akasema. "Ile inayokata ukuta kwa pembe mraba."

Mwalimu hakueleza. Alichora pembetatu ndogo kwenye daftari: miraba miwili kando, mmoja juu. Kisha akaligeuza daftari lote juu ya meza, robo mzunguko, taratibu, kama mtu anayegeuza sahani ya obusuma, ule ugali, ili amkaribishe mgeni.

"Angalia. Ile miwili iliyokuwa kando iko wapi sasa?"

"Imesimama."

"Na ule mmoja uliokuwa umesimama?"

Pascalia aliinama hadi pua yake ikakaribia karatasi. "Umelala. Lakini umeelekea upande mwingine. Unarudi nyuma."

"Basi umeshajibu. Njia yako itaingia ndani mita mbili kwa kila mita moja inayorudi nyuma. Nusu imepinduka ikawa mbili, na kwa sababu inarudi, ni hasi mbili. Zidisha hizo mbili, nusu mara hasi mbili. Utapata hasi moja, kila mara, kwa kuta zote zinazokatana hivyo, isipokuwa zile zinazolala sawa na barabara yenyewe."

Pascalia aliligeuza daftari mwenyewe. Akalirudisha. Akaligeuza tena. Wanafunzi wengine walikuwa wameshafika na wanasogeza viti, lakini hakuwasikia. Miaka yote alikuwa akitafuta pembe mraba kwa mafundo ya uzi, na kumbe ilikuwa imekaa pale, katika kitendo cha kugeuza karatasi.

"Nani aliiweka hivi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mimi nimeifundisha miaka thelathini," Mwalimu alisema, "na hilo swali sijalijibu."

Wakaendelea. Mlango wa zahanati ulikuwa katikati ya ukuta: thelathini na sita, na kumi na saba. Kutoka hapo, ili kuvuka miwa yote, njia ilirudi mita kumi na sita na kuingia ndani thelathini na mbili, ikafika ishirini, na arobaini na tisa. Hapo ndipo mlango wa wodi ungekuwa. Mwalimu alimfundisha kuandika mlinganyo wa kila mstari, sentensi fupi inayobeba mstari mzima. Ukuta wa zamani ulikuwa nusu ya umbali wa kando, toa moja. Ukuta mpya ulikuwa nusu ile ile, jumlisha thelathini na tisa. Kona zake, mita sita kando kila upande wa mlango, zilitoka zenyewe kwenye mlinganyo: kumi na nne na arobaini na sita, ishirini na sita na hamsini na mbili.

Siku aliyopigilia vigingi, Mzee Andati alisimama na mwavuli wake. Alimwona Pascalia akipanda na njia ya miguu, akihesabu, akigeuka, akiingia kiwanjani na tepu, na hata mara moja hakuangalia upande wa zahanati.

"Mama Protus, unajenga ukiangalia karatasi?"

"Naangalia zahanati, Mzee. Iko hapa ndani."

"Na miwa ikikatwa, tuone wodi imeangalia choo?"

"Nitaibomoa kwa mikono yangu."

Alisema hivyo mbele ya watu, na usiku huo akazirudia hesabu zote. Mvua ilianza wiki hiyo hiyo. Msingi ulimwagwa kati ya mvua na mvua, na simiti ikaisha stooni kabla haijaharibika. Kuta zilipanda. Mwezi wa sita zilifika linta, juu ya milango na madirisha, na uwazi wa mlango ukabaki ukitazama ukuta wa kijani wa majani. Kila asubuhi Pascalia alisimama katika uwazi huo, akaangalia miwa. Namba hazikuwa zimebadilika. Yeye ndiye aliyekuwa akitikisika.

Zamu ya kanisa ilifika katikati ya mwezi wa nane. Wakataji walianzia upande wa barabara, na hadi saa nane mchana walikuwa wamebakiza mistari michache karibu na wodi. Watu wa kanisa walikuja na kukaa kwenye nyasi. Mwalimu Kibiwott alikuja na koti lake la shule. Muwa wa mwisho ulipolala chini, watu waliinuka kutoka kwenye nyasi.

Zahanati ilikuwa pale. Wodi ilikuwa pale. Mlango uliutazama mlango.

Lakini Pascalia hakuamini macho. Alimpa Oduor ncha ya uzi asimame katikati ya mlango wa zamani, naye akaenda na ncha nyingine hadi mlango mpya, akirukaruka visiki vya miwa. Alivuta. Uzi uliinuka kutoka ardhini, ukatetemeka, ukatulia. Aliweka skwea, kile chuma cha pembe mraba, ukutani. Uzi ulipita kandokando ya chuma bila kuacha mwanya. Kutoka upande wa pili Oduor alipiga kelele: "Hapa pia! Imekaa!" Uzi ulikosa katikati ya mlango mpya kwa unene wa kidole tu.

Walipima kutoka kona ya zahanati hadi kona ya wodi, kushoto na kulia. Mwalimu alikuwa ameandika jibu lake mapema, mita thelathini na tano na sentimita sabini na nane. Tepu ilisema thelathini na tano na themanini upande mmoja, na upande wa pili hivyo hivyo.

Mzee Andati alivua kofia. Hakuwa akimsalimu mtu. Aliangalia uzi kwa muda mrefu, kisha akamwuliza Pascalia kwa Kiluhya kama angeweza kuushika. Mzee aliushika kwa vidole viwili.

Pascalia aliketi kwenye kizingiti, akalia. Oduor alidhani amechoka. Baadaye Pascalia alimweleza Mwalimu kwamba hakuwa na huzuni wala furaha hasa. Alikuwa amehisi kwamba uzi ule ulikuwepo muda wote, miezi sita, ukipita kati ya mashina pale ambapo hakuna jicho lingeweza kuufuata, na kwamba yeye, mwanamke wa darasa la nne, alikuwa ameruhusiwa kujua ulipo.

Wodi ilifunguliwa mwezi wa pili mwaka uliofuata. Mama wa kwanza kusukumwa kwenye njia ya simiti alijifungua pacha. Pascalia hakuwepo; alikuwa Shirere, ameketi mbele ya Mwalimu Kibiwott na daftari jipya. Watu wa kijiji cha jirani walikuwa wamemwomba akijengee kisima chao ukuta wa mviringo, na alitaka kujua kama duara nalo lina mlinganyo.

"Linao," alisema Mwalimu, akichukua kalamu. "Sogeza kiti."