Kisima cha Bibi na Kisima cha Mauwa

Bibi yangu Mwanakombo hakuwa na ugomvi na mtu mtaani kwetu Temeke, isipokuwa Mauwa. Na kosa la Mauwa lilikuwa kuchimba kisima.

Miaka yote kisima kilikuwa kimoja, cha bibi. Mabomba yakikauka, na yalikaukaga kwelikweli, watu wote kwetu. Harusi, maji ya bibi. Msiba, maiti anaoshwa kwa maji ya bibi, na hilo ndilo alilojivunia zaidi. "Hakuna aliyekwenda kaburini hapa bila ndoo yangu," alisemaga.

Mauwa akarudi kutoka Unguja na marobota ya khanga, akauza, akachimba chake. Kina pete za zege, kina kapi, ndoo inapanda utadhani imeitwa. Foleni ikahama. Bibi akawa anachungulia juu ya ua wa makuti.

"Mwone Zubeda! Nimemzalisha mie, leo anateka kwa yule!"

Mzee Shomari alipofariki, maji ya kumwosha yakatoka kwa Mauwa. Siku hiyo bibi hakugusa chakula.

Ulikuwa mwaka wa kipindupindu. Bibi akajifunga khanga kiunoni, akaivamia foleni.

"Mnakunywa choo cha Mauwa nyie! Si hicho hapo nyuma?"

"Wivu huo, bibi," Zubeda akacheka.

"Haya, tumwage mafuta ya taa chooni, kama walivyofanyaga wachimbaji wa zamani. Kisima kikinuka mafuta, ujue choo kinavujia humo, na mtanitafuta."

Mauwa akaachia kamba. "Shikamoo, bibi. Tumwage. Ila kwangu na kwako."

Mbele ya umati ule, bibi angekataaje?

Vyoo vyote viwili vikamwagiwa. Mvua zikanyesha. Mie nilikuwa na hamu ya kujua, nikawa nanusa ndoo za visima vyote kabla ya kwenda shule. Ya Mauwa haikunuka kitu. Ya kwetu, asubuhi moja, ikanipiga harufu ya kibatari, na juu ya maji rangi zinacheza.

Bibi akanusa. Akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Hata uchafu unampendelea yule," akasema. "Umempita, ukaja kwangu."

Akakiziba kisima kwa bati, akaweka jiwe juu, mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Kisha akanipa ndoo.

"Nenda kwake. Akikuuliza, sema ya kufulia."

Niliporudi akayachemsha, yakapoa, akanywa kikombe kizima.

"Yana chumvi," akasema, akaninyooshea kikombe nimwongeze.