Nguzo ya Geti na Rivolva Mpya

Bora mlisikie kwangu kabla walinzi hawajaliongezea chumvi. Mimi ndiye mtunza silaha wa kambi yetu ya watalii, pembeni mwa msitu wa Ngorongoro. Juzi tuliletewa rivolva mpya. Nikahakikisha haina risasi, nikailenga kwenye nguzo ya geti, nikafumba jicho moja. Kinundu cha kulengea, kule mwisho wa mtutu, kilikuwa kimelalia kushoto mwa nguzo.

"Mtutu umefungwa upande," nikatangaza. "Irudi kiwandani."

Meneja wetu, Mama Neema, akachungulia nilivyomwelekeza, akakubali. Walinzi wakanipa mikono. Nikawahutubia kuhusu viwanda vya siku hizi, kifua mbele, utafikiri nilizaliwa na bunduki mkononi.

Nilikuwa bado naongea tembo alipotoka msituni, akaenda moja kwa moja getini na kujikuna ubavu kwenye nguzo ile, kama afanyavyo kila jioni. Alipoondoka, nguzo ilikuwa imezidi kuinamia kulia.

Mama Neema akachungulia tena, kisha akanirudishia rivolva kwa heshima zote.

"Mzee Tluway," akasema, "naona imepinda zaidi."