Mkaa wa Mkwe Mwenye Haya

Mume wangu hukamua mawese kijijini kwetu Mnyuzi, kwenye kibonde chenye michikichi michache aliyoachiwa na baba yake. Zamani makapi yaliyobaki baada ya kukamua, yale manyuzinyuzi yenye mafuta, yalikuwa adha tupu. Yalinuka, yalijaza nzi, na ukiyachoma wazi moshi wake ulifukuza hata kuku. Siku hizi tunayakausha, tunayawasha ndani ya pipa na kulifunika yasipate hewa, yanakuwa mkaa badala ya majivu. Mwingine nauchanganya na uji wa muhogo, nafinyanga matonge ya kupikia. Chengachenga tunazifukia shambani, maana hushika unyevu udongoni.

Hizo chenga ndizo zilizonikumbusha mama. Mama anaishi peke yake Handeni, ambako mvua huja kama mgeni mwenye haraka. Kaka yangu alikuwa amekata shauri: bustani ya bamia ikikauka tena, anamhamishia kwake Kwamndolwa, kwenye chumba cha uani. Alimpenda, simlaumu. Lakini ile bustani ndiyo iliyomfanya mama awe mwenye nyumba, si mgeni wa mtu. "Mkinitoa hapa," alituambia, "mtakuwa mmenizika nikiwa hai."

Basi mume wangu akampelekea viroba vya mkaa. Mkaa huo una sharti lake: haufukiwi mkavu. Kwanza unaloweshwa kwenye samadi na mkojo wa mbuzi mpaka ushibe, la sivyo utainyang'anya mimea chakula chake. Mume wangu analijua hilo vizuri. Ila yeye ni Msambaa wa milimani, aliyefunzwa kwamba mbele ya mama mkwe hata kukohoa kuna adabu yake. Angetamkaje mkojo? Alisimama uani, macho chini, akasema, "Mama, usiufukie hivihivi. Uupumzishe kwanza."

Mama akaupumzisha. Aliuweka stoo, pakavu kabisa, akaufunika kwa gunia safi, na baada ya wiki kadhaa akaufukia.

Bamia zikawa njano. Mama akanipigia simu: "Mwanangu, mumeo kaniletea dawa au uchawi?" Nilipomuuliza mume wangu alimwambia nini hasa, akaanza kufuta miwani isiyo na vumbi. Nilicheka, kisha nikakasirika, maana kaka alishaanza kupaka rangi kile chumba. Nikachukua simu nimweleze mama mwenyewe. Mume wangu akanizuia.

"Mkaa ni wangu," alisema. "Nitausemea mwenyewe."

Tukapanda basi wote wawili na viroba vingine. Kufika, akatoa shikamoo yake, akaligeukia zizi la mbuzi, akampa mama mgongo, akapaza sauti kama mwadhini: "Mkojo, mama! Wa mbuzi! Na samadi!"

Mama akacheka mpaka akakaa kizingitini. "Baba, kumbe ndilo hilo? Neno hilo mimi nalikanyaga kila asubuhi!"

Mkaa ukaloweshwa, bamia zikapandwa upya. Mvua ikakatika mapema, kama kawaida yake. Mama akazinywesha maji aliyooshea vyombo, na zikasimama, kijani kibichi. Nayashukuru makapi tuliyokuwa tukiyatupa. Namshukuru zaidi mume wangu, kwani najua sentensi ile ilimgharimu nini.

Kaka alikuja na gari la kubebea vyombo, kama alivyopanga. Mama akampokea, akampeleka bustanini, akamjazia ndoo ya bamia.

"Mpelekee mkeo," akamwambia. "Na kile chumba mtafute mpangaji."

Kaka akarudi Kwamndolwa na gari tupu. Ndoo ilikaa kiti cha mbele, mahali pa mama.